Kofia ya jino imedondoka, inauma au haikai: kutafuta chanzo kabla ya kulaumu saruji

Kaa kidogo mapokezi kwenye kliniki ya meno hapa Tanga, iwe Ngamiani au Chumbageni, utasikia malalamiko ya kofia za meno, yale maganda yanayovikwa juu ya jino lililochongwa, au krauni kama wengi tunavyosema. Mshitakiwa huwa mmoja: saruji, ile gundi ya kubandikia. Mgonjwa anasema alibandikiwa kwa saruji feki. Msaidizi anasema kopo limezeeka. Tabibu akibanwa naye anakubali, anafungua kopo jipya, anabandika upya, na kabla msimu haujageuka kofia ileile imerudi ikiwa imekunjwa kwenye tishu.

Haya nawaandikia wenzangu tunaobandika kofia, madaraja (meno bandia yanayoshikiliwa na meno ya pembeni) na posti (vijiti vinavyoingizwa ndani ya mzizi) kwenye kliniki za kawaida za pwani, zile ambazo kiyoyozi hufanya kazi siku umeme ukiwepo. Tutaanza na dalili, kisha turudi nyuma hadi kwenye chanzo. Msimamo wangu niutoe mapema: saruji yenyewe kuwa mbovu ni jambo la nadra kuliko tunavyodai. Mara nyingi jino limechongwa vibaya, mate yamepenya, ukingo wa kofia una mwanya, au joto la chumba limetuwahi. Saruji inalaumiwa kwa kuwa ndiyo inayoonekana.

Kwanza ujue kabatini una nini, maana dalili moja ina maana tofauti kwa kila aina. Zinki fosfeti, ya unga wa oksidi ya zinki na asidi ya fosforiki, imetumika tangu karne ya 19 na haishikani na jino kikemikali. Inashika kwa kujaza vijishimo na mikwaruzo, basi. Polikaboksileti ilibuniwa na Dennis Smith huko Manchester mwaka 1968 na ndiyo ya kwanza kushikana kweli na kalsiamu ya jino. Glasi ayonoma ya Alan Wilson na Brian Kent, waliofanya kazi London, ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nayo inashikana na jino na hutoa floridi. Kwetu ndiyo iliyozoeleka zaidi, na mbinu ya ART, ya kuziba jino lililooza kwa zana za mkono bila mashine, iliyoanzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 imechangia kuifanya ijulikane hadi zahanati. Halafu kuna glasi ayonoma iliyoongezwa rezini, aina ya plastiki inayoganda, na saruji za rezini zenyewe. Ya muda ni oksidi ya zinki na eujenoli, yale mafuta ya karafuu ambayo wenzetu wa Pemba wameyajua siku zote.

Kofia imedondoka nzima

Usiioshe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi kwa nia njema: msaidizi anapokea kofia, anaitumbukiza kwenye dawa, anaisugua, na ushahidi wote unakwenda na maji. Wagonjwa nao waambiwe mapema, kwenye simu. Mazungumzo huwa kama haya:

"Daktari, ile kofia imeng'oka. Nilikuwa nakula halua tu."

"Shikamoo mzee. Iko wapi sasa hivi?"

"Marahaba. Ninayo hapa. Nimeisugua kwa mswaki na dawa, inang'aa."

"Ah. Basi njoo nayo hivyohivyo, ila usijaribu kuirudisha mwenyewe."

"Na ile gundi ya mafundi viatu?"

"Hiyo usiiguse kabisa, mzee."

Kofia ikifika bila kusuguliwa, ielekeze kwenye taa na uangalie ndani kwa kioo cha kukuzia, kisha uangalie kisiki cha jino, yaani ile sehemu iliyochongwa ili ivae kofia. Swali ni moja: saruji imebaki wapi?

Ikiwa saruji yote imebaki ndani ya kofia, tabaka zima limekaa kama lilivyogandishwa na kisiki ni kitupu, upande ulioachia ni wa jino. Kwa glasi ayonoma au rezini, shuku mate, damu ya fizi, au mabaki ya saruji ya muda ambayo hayakusafishwa. Kwa zinki fosfeti, kagua umbo la kisiki kabla ya jambo lingine. Saruji hiyo haina mkono wa kushika ukuta uliolala. Kisiki cha gego kinatakiwa kisipungue milimita 4 kwenda juu, na cha meno ya mbele milimita 3, na kuta zake mbili zisiachane kwa zaidi ya nyuzi 20 hivi. Kisiki kilichochongwa kama koni ya karatasi ya karanga hakitatunza kofia kwa saruji hiyo hata ukibandika kila mwezi. Hapo una njia mbili za kweli: kuchonga vijifereji na vijisanduku vya kushikia kwenye kisiki na kutengeneza kofia mpya, au kuhamia rezini inayoshikana na jino na uifanye kwa hatua zake zote. Kubandika upya na saruji ileile ni kumpangia mgonjwa safari nyingine.

Ikiwa ni kinyume, saruji imebaki kwenye jino na ndani ya kofia kunang'aa, walioachana ni saruji na kofia. Kofia ya chuma ambayo ndani yake haikupulizwa unga wa alumina huwa laini mno kushikwa. Muulize fundi sanifu wa maabara iliyoitengeneza, wala usione haya. Wengine hupuliza, wengine hudhani utapuliza mwenyewe. Kwa kofia za zirkonia, ile kauri nyeupe ngumu, kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Unaijaribisha mdomoni, inalowa mate, na fosfeti iliyomo kwenye mate inang'ang'ania uso wa zirkonia palepale ambapo saruji yako ya rezini ilitaka kushika. Ukiisafisha kwa jeli ya asidi ya fosforiki, kama tulivyozoea kwa jino, umeongeza fosfeti juu ya fosfeti. Zirkonia isafishwe kwa dawa maalumu ya kusafishia kofia au ipulizwe tena alumina ya maikroni 50 kwa shinikizo dogo, kisha isiguswe na mate tena hadi inabandikwa. Kofia za kauri ya glasi zina utaratibu wake: asidi ya hidrofloriki, ambayo kwa litiamu disiliketi, aina mojawapo ya kauri hizo, ni ya asilimia 5 kwa sekunde 20, halafu sileni, majimaji yanayounganisha kauri na rezini. Asidi hiyo ni hatari kwa ngozi na macho, na ni heri kazi hiyo ifanyikie maabara kuliko kwenye sinki la kliniki.

Saruji ikiwa imebaki pande zote mbili na imekatika katikati, na ukiikwangua inameguka unga, hapo ndipo saruji yenyewe ina kesi ya kujibu. Hata hivyo uliza nani aliichanganya. Rojo lilikuwa jepesi mno? Lilipakwa likiwa limeshaanza kuganda? Mgonjwa aliongea au kumeza mate kwa nguvu kofia ikiwa bado haijakaa? Nitarudi kwenye uchanganyaji, kwa sababu pwani hapa ndipo mambo mengi yanapoharibikia.

Kuna kofia ambayo haina saruji kabisa, ina utando wa kahawia tu unaonuka. Hiyo iliachia siku nyingi kabla ya kudondoka. Saruji ililika polepole kupitia mwanya wa ukingo, mate yakaingia na kutoka, na jino limekuwa likioza chini yake. Pengine ilikuwa saruji ya muda iliyopewa kazi ya kudumu. Hilo linatokea sana kwetu: mgonjwa anapewa kofia kwa saruji ya eujenoli "tuone kwanza", haumwi, salio la malipo halijapatikana, basi harudi. Ukibandika kwa muda, andika tarehe ya kurudi kwenye kadi na umpigie.

Na ukikuta kipande cha jino kimebaki ndani ya kofia, weka kopo la saruji chini. Saruji imeshinda, jino limekatika. Kisiki chenye posti ambacho hakikuachiwa mkanda wa jino zima wa milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka shingo yake huvunjika hivyo. Piga eksirei, uangalie kama mzizi umepasuka, ndipo umweleze mgonjwa kama jino linaokolewa au linang'olewa.

Saruji inaganda mikononi

Hii ndiyo dalili ya kaskazi. Unachanganya, unajaza kofia, unageuka kumfungulia mgonjwa mdomo, na rojo limeshapoteza mng'ao. Ukilazimisha, kofia haishuki hadi ukingoni.

Karatasi inayokuja na kopo inapokwambia una dakika 2 za kufanya kazi, inazungumzia chumba cha nyuzijoto 23 chenye unyevu wa asilimia 50, kwa sababu hivyo ndivyo viwango vya kimataifa vinavyotaka saruji zipimwe. Lushoto kule milimani unaweza kukikuta chumba cha namna hiyo bila kutafuta. Tanga mjini mwezi wa pili, na feni inazungusha hewa ileile ya nyuzi 31 au 32, dakika zile mbili hazipo. Saruji inaganda kwa mwitiko wa kikemikali na joto huuharakisha. Zinki fosfeti ina balaa la ziada kwa kuwa yenyewe hutoa joto ikichanganywa. Ndiyo maana unga wake hugawanywa mafungu, madogo yakitangulia, kila fungu likisagwa sekunde 10 hadi 15 kwenye eneo kubwa la kibao cha kioo ili joto lisambae. Anayemwaga unga wote mara moja atapata zege kabla hajainua spatula.

Watu huligeuza tatizo hili kuwa baya zaidi kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kupunguza unga. Rojo likiwa jepesi linachelewa kuganda, ndiyo, lakini linakuwa dhaifu, linalika haraka na asidi yake inabaki nyingi karibu na mshipa wa jino. Fundi wa ujenzi anayeongeza maji kwenye zege la saruji ya Pongwe ili limwagike kirahisi hujua atalipata wapi baadaye; sisi tunasahau. Pima kijiko kwa kukisawazisha, tikisa chupa ya unga kwanza ili usiwe umeshindiliwa, na chupa ya majimaji iinamishe wima kabisa ili tone lishuke bila kiputo. Tone lenye kiputo ni tone pungufu, na aliyechanganya hajui.

Ya pili ni friji. Tumefundishwa kwamba kibao cha kioo kikiwa baridi kinaongeza muda, na ni kweli. Sasa chukua kibao kutoka friji ya nyuzi 4, kiweke mezani kwenye chumba cha Tanga, na ukiinamie. Ndani ya pumzi chache kioo kimefifia. Ukikipitisha kidole unaacha mstari, na kando ya mstari matone madogo yanaungana. Hayo ni maji, na sasa unaweka unga na asidi juu yake. Chumba cha nyuzi 32 chenye unyevu wa asilimia 70, umande hujikusanya juu ya kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 26 hivi. Maana yake, katika chumba hicho, kibao kilichotoka friji kina maji juu yake hata kama huyaoni. Kwa zinki fosfeti maji ya ziada yanaharakisha kuganda, yaani umepata kinyume cha ulichokifuata. Kwa glasi ayonoma yanavuruga kipimo ulichokihangaikia.

Dawa ni kurekebisha chumba kabla ya kibao. Funga madirisha, washa kiyoyozi nusu saa kabla ya mgonjwa wa kofia kuingia. Chumba kikishuka hadi nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 55, umande hauanzi hadi nyuzi 14 hivi, na hapo kibao cha nyuzi 18 au 20 kinakaa kikavu na kukupa muda. Kama kiyoyozi hakipo, kibao kitie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kabla ya kukiingiza friji, kisha kikitoka kiache ndani ya mfuko hadi ubaridi mkali uishe. Kitoe, kifute, kielekeze kwenye taa. Ukungu ukirudi, futa na usubiri. Usiporudi, changanya. Wapo wanaochanganya zinki fosfeti juu ya kibao kilichogandishwa makusudi kwa ajili ya madaraja marefu, wakiongeza unga kufidia; ni ufundi unaojulikana, ila una kipimo chake, na anayeushika nusu anapata maji bila faida.

Chupa nazo. Unga wa glasi ayonoma unaweza kukaa friji, lakini majimaji yake yasikae humo. Yanakuwa mazito na hayatoi tone sawa. Chochote kinachotoka kwenye baridi kifunguliwe kikishalingana na joto la chumba, vinginevyo kinavuta umande ndani ya chupa. Majimaji ya zinki fosfeti yakianza kuonekana na ukungu, tupa. Tone la mwisho mwisho la chupa ya aina hiyo pia halina uaminifu, kwa sababu kila ulipofungua kizibo uwiano wa maji na asidi ulibadilika. Na mzigo ukitoka Dar ukiwa kwenye buti la basi mchana kutwa, usiushushie moja kwa moja kwa mgonjwa. Changanya kidogo kwenye kibao, hesabu muda, ujue umeletewa nini.

Jambo la mwisho kwenye hili: glasi ayonoma ikipoteza mng'ao, iache. Mng'ao unaonyesha kwamba bado kuna asidi huru ya kushikana na jino. Ikishakuwa butu, utaibandika na itaganda, lakini haitashika. Changanya upya, kijiko kimoja cha unga hakishindi bei ya kofia.

Kofia haishuki hadi chini

Ulipoijaribisha kavu ilikaa. Ulipoweka saruji imesimama juu kidogo. Hapa kuna sababu mbili za kawaida, ama rojo lilishaanza kuganda, ama umeijaza kofia kama kikombe. Kofia ya mtu mzima haijazwi. Inapakwa tabaka jembamba ukutani, zaidi kuelekea ukingoni. Saruji nzuri za maji hutakiwa kuweza kubanwa hadi unene usiozidi maikroni 25, lakini lazima zipate pa kutokea. Bonyeza kwa kidole kwa nguvu thabiti, kisha mgonjwa ang'ate roli ya pamba au kijiti cha mti, na asiachie hadi igande. Angalia ukingo kwa kile chuma chembamba cha kuchunguzia meno wakati rojo bado laini. Ukigundua umechelewa, ing'oe palepale. Ikishaganda ikiwa juu, utakachofanya ni kuichonga upande wa kung'atia hadi itoboke.

Ikiwa haikukaa hata kavu, saruji haihusiki. Pitisha uzi wa meno kati ya kofia na jirani zake. Ukikatika au usipopita, fundi ameacha mgusano umebana.

Jino linauma baada ya kubandikwa

Uliza linauma kwa nini hasa, maana jibu la "linauma tu" halikufikishi popote.

Linauma liking'ata, na ukigonga linashtuka: kwanza karatasi ya rangi, ile inayong'atwa ili iache alama pale meno yanapogusana. Kofia iliyo juu hata kidogo hulitesa jino kila mara mdomo unapofungwa, na mgonjwa atakuapia kwamba ni mshipa. Punguza, pima tena, na mara nyingi kesho yake yuko sawa.

Linashtuka kwa maji baridi, kisha linatulia mara moja: hili ni la kawaida siku za kwanza. Chanzo chake mara nyingi ni sisi, kwa kulikausha jino kwa hewa hadi likawa jeupe kama chaki. Dentini ya jino hai, lile tabaka lililo chini ya ganda la nje, inatakiwa ikaushwe hadi isiwe na maji yanayoonekana, ila ibaki na unyevu wake. Asidi ya saruji mbichi nayo inachangia, hasa rojo likiwa jepesi. Zinki fosfeti huanza ikiwa na asidi kali na huchukua siku moja hadi mbili kukaribia hali ya kati. Mpe wiki mbili. Ikipungua, hakuna la kufanya.

Linauma kwa vitu vitamu, kashata na chai ya sukari: tafuta mwanya ukingoni.

Linauma kwa moto, maumivu yanabaki dakika kadhaa baada ya kumeza kahawa, au yanamwamsha usiku: hapo mshipa unakufa na saruji yoyote duniani haitausaidia. Usiahirishe kwa vidonge. Jino hilo linahitaji matibabu ya mzizi, na unaweza kutoboa kofia juu kuyafanya bila kuing'oa. Mgonjwa aelezwe mapema, kabla ya kubandika, kwamba jino lililochongwa sana au lililokuwa limeoza karibu na mshipa linaweza kufika huko. Ukimweleza baada, utaonekana unatafuta kisingizio.

Fizi imevimba, mdomo unanuka

Fizi nyekundu upande mmoja tu wa kofia, inayotoka damu ukigusa, siku chache baada ya kubandika: tafuta kibonge cha saruji kilichobaki chini ya fizi. Kwenye vipandikizi vya meno kibonge hicho ni hatari zaidi, kwani kinaweza kuanzisha ugonjwa unaokula mfupa unaokishika kipandikizi.

Kusafisha saruji ya ziada kuna wakati wake, na hapa ndipo watu huchanganya aina. Zinki fosfeti isubiri hadi igande kabisa, ndipo uivunje. Polikaboksileti ikifika hatua ya mpira usiiguse. Ukiivuta utaichomoa hata ile iliyo chini ya ukingo. Glasi ayonoma yenye rezini ni kinyume chake, hatua ya mpira ndiyo wakati wake. Rezini ipigwe taa ya buluu ya kugandishia sekunde 2 au 3, iondoke kama ganda, kisha imaliziwe. Kati ya jino na jino pitisha uzi wenye fundo, na uutoe kwa pembeni, usiuvute kwenda juu.

Harufu bila uvimbe, hasa kwenye daraja: bonyeza kila mguu wa daraja kwa kidole huku ukimwagia maji. Vijiputo vikitoka ukingoni, mguu huo umeachia na mwingine ndio unaoshikilia daraja zima. Mgonjwa hahisi kitu. Usisubiri lidondoke, maana wakati huo jino la chini litakuwa limekwisha.

Rezini imebaki laini

Uliza kwanza kuhusu saruji ya muda. Eujenoli huzuia rezini kuganda, na mabaki yake hubaki kwenye dentini hata baada ya kukwangua. Ukijua kofia itabandikwa kwa rezini, tumia saruji ya muda isiyo na eujenoli tangu mwanzo. Kama tayari ilitumika, sugua kisiki kwa unga wa pamisi na maji.

Kisha taa. Betri iliyochoka, kioo cha mbele kilichogandwa na rezini ya zamani, au taa ambayo haijapimwa tangu inunuliwe: mwanga wa buluu unaonekana uleule kwa macho, nguvu haipo. Na chini ya zirkonia nene mwanga haufiki hata taa ikiwa mpya, kwa hiyo tegemea rezini inayoganda yenyewe pia na uipe muda wake wote. Kabla ya kufunga ncha ya kuchanganyia kwenye bomba, kamua kidogo pembeni uone pande zote mbili zinatoka sawa. Upande mmoja ukiwa umeziba, unapaka nusu ya dawa.

Saruji za rezini zinazojishikiza zenyewe hazitaki dentini iliyotiwa asidi kwanza. Anayefanya hivyo akidhani anaongeza nguvu anaipunguza. Enameli, lile ganda la nje la jino, inaweza kutiwa asidi, dentini iachwe. Ukipata mgonjwa kutoka Arusha au Kilimanjaro mwenye meno ya kahawia kwa floridi, enameli yake inashika asidi kwa shida zaidi. Huenda ikahitaji muda mrefu kuliko ulioandikwa.

Kofia za chuma za watoto

Hapa baadhi ya niliyosema yanageuka. Kwa mbinu iliyotokana na daktari Norna Hall wa Scotland, kofia ya chuma hubandikwa juu ya gego la utotoni lililooza bila kuchonga na bila sindano, ikishushwa kwa glasi ayonoma. Kofia hiyo hujazwa saruji nyingi, tofauti na ya mtu mzima, kwa sababu jino halikuchongwa na nafasi ni kubwa. Itakaa juu, na hilo halirekebishwi kwa karatasi ya rangi. Mng'ato hujipanga wenyewe ndani ya wiki chache. Mama akipiga simu kesho yake kusema mtoto anatafuna upande mmoja, mwambie hivyo na umtulize. Akipiga kusema mtoto halali usiku kwa maumivu, au shavu limevimba, amlete siku hiyohiyo.